Sura ya Saba: Saa ya Kompyuta ya Rabson

Fundi Philbert alisoma kibali cha polisi mara mbili, akakigeuza nyuma kutazama kama kuna maandishi mengine, ndipo akakubali kompyuta iwekwe mezani kwake.

"Kwanza tuelewane, afande," alisema. "Mimi ni fundi tu. Programu za watu siibi."

"Sikuja kwa ajili ya programu zilizoibwa."

"Kwenye simu ulitaja plagini. Polisi akitaja plagini, fundi lazima aogope."

"Wewe utaogopa baadaye. Mimi naogopa tangu jana."

Hakuwa anatania. Inspekta Damari Mwaipopo alitoka Mbeya alfajiri, na sasa, saa saba mchana wa Jumanne, alikuwa amesimama Miyomboni, mjini Iringa, ndani ya duka la ufundi lenye upana wa kitanda. Zilibaki siku tatu. Ijumaa, mtu aitwaye Asukile angerudishwa mahakamani kwa kosa la kumgonga kwa pikipiki Bertha, muuza viazi wa Iyunga, Mbeya, kumuua na kukimbia. Damari ndiye aliyemkamata, na msumari wa mwisho katika jeneza la Asukile ulikuwa kompyuta hii.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Jumamosi ya tarehe kumi na saba Mei, saa kumi na robo jioni, pikipiki nyekundu ilimpitia Bertha kando ya barabara kuu. Shahidi hakuuona uso wa dereva kwa sababu ya kofia ngumu, lakini aliishika namba. Namba ikaonyesha pikipiki ni ya Asukile. Asukile hakubisha. Alichosema ni kwamba saa hiyo yeye alikuwa Soweto, mtaa mwingine wa Mbeya, nyumbani kwa Mwalimu Rabson, amejifungia ndani ya kabati la nguo lililozungushiwa mablanketi, hedifoni masikioni, anarekodi wimbo. Pikipiki aliiacha uani, na ufunguo mezani.

Rabson alifundisha hesabu siku za kazi, na Jumamosi alirekodi muziki chumbani kwake kwa mapenzi tu. Alikubali kwamba Asukile alikuja kurekodi. Ila alisema ilikuwa Jumamosi ya tarehe tatu. "Angalieni wenyewe kwenye kompyuta," aliwaambia. Wakaangalia. Faili la sauti lilisema tarehe tatu Mei, kuanzia saa tisa na dakika arobaini na nane alasiri. Basi Asukile akawa mwongo, na mwongo mwenye pikipiki iliyoua mtu hapati wa kumwonea huruma.

"Fungua wimbo ulioandikwa 'Asu Jumamosi'," Damari alisema.

Philbert akafunua kompyuta. Juu ya kifuniko palikuwa na kipande cha plasta, kimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: USIWEKE INTANETI.

"Mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Nilidhani mwenyewe anabana matumizi ya bando."

Philbert alikuna shingo. "Hapana. Tutafika huko, afande."

Wimbo ulipofunguka kikatokea kisanduku chekundu, kikidai kwamba muda wa kujaribu umekwisha. Philbert alikibofya kikaondoka, akaucheza wimbo. Sauti ya Asukile ikajaa dukani, nzito na safi, na kila aliponyamaza kuvuta pumzi wakasikika kuku, mlango, na redio ya jirani.

"Hapo hapo," Damari alisema. "Mwezi uliopita wimbo huu haukuwa na kuku hata mmoja. Akinyamaza, kimya kabisa. Jana nikaiunga kompyuta na intaneti ya simu yangu nimtumie mwendesha mashtaka nakala. Nilipoufungua tena, kuku wamejaa. Nani kawaingiza?"

"Hawakuingizwa, afande. Walikuwemo tangu mwanzo."

"Mbona sikuwasikia?"

"Kwa sababu ya hii." Philbert aligusa kioo kwa ncha ya bisibisi. "Ni plagini, kiprogramu kidogo unachokipachika juu ya sauti. Hii tunaiita geti. Mtu akiimba linafunguka, akinyamaza linafunga. Studio ya kabatini bila geti hutoki, maana kila mbuzi wa mtaa ataimba na wewe. Lakini geti halifuti kitu. Linamzuia msikilizaji tu. Sauti yenyewe iko chini yake, vilevile ilivyoingia kwenye maiki. Geti likifa, vyote vinarudi."

"Na kwa nini limekufa jana?"

"Ni la kujaribu bure siku kumi na nne. Zikiisha, unanunua."

"Na asiyenunua?"

Philbert aliangalia mlangoni kana kwamba mwenye geti alikuwa anapita barabarani.

"Philbert, asiyenunua anafanyaje?"

"Anarudisha saa nyuma," alisema kwa sauti ya chini. "Siku kumi na nne zikikaribia kuisha, unaingia kwenye saa ya kompyuta, unairudisha wiki mbili. Geti linaona bado ni geni, linaendelea kufanya kazi. Ila usiguse intaneti. Ukiigusa tu, saa inajirekebisha na umeumbuka. Ndiyo maana nikaweka plasta. Huku kwetu wote tunafanya hivyo, afande, siyo Rabson peke yake."

Damari alivuta stuli, akakaa bila kukaribishwa. "Uliliweka lini?"

Philbert alifungua daftari lake la kazi. Liliandikwa kwa utaratibu kuliko mafaili mengi ya serikali. Tarehe mbili Mei, Rabson wa Mbeya, kompyuta inakwaruza sauti wakati wa kurekodi, imetengenezwa, geti limewekwa. Chini yake, tarehe kumi na sita Mei: Rabson, simu, geti limegoma, nimemwelekeza kurudisha saa.

"Akairudisha mpaka lini?"

"Mpaka tarehe mbili."

"Kwa hiyo kesho yake, tarehe kumi na saba ya kweli..."

"Kompyuta ilisema tatu. Jumamosi kwa Jumamosi."

 Damari alifungua mkoba, akatoa fomu ya kupokelea kielelezo, ambayo alikuwa ameijaza kwa mkono wake Ijumaa ya tarehe ishirini na tatu Mei. Fomu hiyo ina mstari unaouliza kama saa ya kifaa inalingana na saa halisi. Mstari huo haukuwekwa kwa urembo. Askari hutakiwa kuitazama saa ya kifaa, aitazame na yake, aandike tofauti. Ijumaa ile ilikuwa saa kumi na moja jioni, mazoezi ya kwaya yalikuwa yanaanza nusu saa baadaye, na waimbaji wa sauti ya alto walikuwa wawili tu. Damari hakutazama saa yoyote. Aliandika "Sawa", akatia saini, akawahi kuimba.

Masikio yake yaliwaka kwa aibu. Asukile alikuwa ndani siku ishirini na mbili, na kumi na nane kati ya hizo ni kwa sababu ya neno hilo moja.

"Hii bado haitoshi," alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Wakili yeyote atasema labda Asukile alikuja tarehe tatu kweli, saa ikarudishwa baadaye. Nataka kitu kinachotaja siku."

"Basi tuwasikilize kuku," Philbert alisema, akaongeza sauti.

Rekodi ilikuwa ya dakika thelathini na nane. Philbert alieleza kwamba programu ilitegwa izunguke yenyewe: wimbo ukifika mwisho unaanza tena, na kila mzunguko Asukile anaweka sauti nyingine juu ya ile ya kwanza. Kazi ya namna hiyo haihitaji mtu wa kubofya. Mwenye studio anaweza kuondoka.

Na mwenye studio aliondoka. Dakika ya nne, katikati ya ubeti na ubeti, mlango wa bati wa uani ulilia. Pikipiki ikawashwa, ikaenda. Damari aliandika dakika. Asukile aliendelea kuimba, masikio yamezibwa na hedifoni.

Dakika ya kumi na tisa Philbert alipiga meza. "Gari la matangazo! Huyu ndiye adui yetu mkubwa. Kipaza sauti chake hakuna blanketi linalokizuia."

"Nyamaza. Rudisha."

Alirudisha. Sauti ya kipaza ilikuja ikikua, mwanamke akitangaza mkutano wa Injili. Wote wanakaribishwa, wagonjwa wataombewa, uje na jirani yako, kesho Jumapili, tarehe kumi na nane, kuanzia saa nane kamili mchana. Gari likapita na maneno yake.

"Rudisha tena."

Walisikiliza mara tatu. Kompyuta ilisema tarehe tatu. Yule mama wa kwenye kipaza alisema kesho ni tarehe kumi na nane. Mmoja kati yao alikuwa amerudishwa nyuma, na haikuwa yule mama.

Dakika ya thelathini na tano pikipiki ilirudi. Mlango ukalia. Kisha kitu cha mbao kiligonga sakafu na uzi ukavuma kama wa gitaa, uzi mmoja, kwa muda mrefu. Baada yake mtu akaanza kulia kwa kujizuia, pua imejaa. Wimbo ukafika mwisho.

"Rabson?" ilikuwa sauti ya Asukile, kutoka kabatini. "Vipi, imeingia?"

"Imeingia. Rudia ubeti wa pili."

Philbert alizima bila kuambiwa. Damari alikuwa amekumbuka maneno ya shahidi: dereva alikuwa amebeba kitu kirefu mgongoni, kama jembe ndani ya gunia. Kwa maneno hayo Damari alikwenda kupekua nyumbani kwa mama yake Asukile, akakuta majembe mawili, akayachukua yote kama vielelezo. Mama wa watu alivuna viazi msimu huo kwa jembe la kuazima. Majembe yenyewe yalikuwa bado stoo ya kituo yakiwa na lebo. Hakuna nyumba ya mkulima Mbeya isiyo na jembe, na hilo nalo hakulifikiria.

"Afande," Philbert alisema akifunga daftari, "mimi ndiye niliyemfundisha kurudisha saa."

"Wewe ulimfundisha kurudisha. Mimi nilifundishwa kuangalia."

Alimwandikisha maelezo, akachukua nakala ya kurasa mbili za daftari. Kutoka Miyomboni kwenda Ipogolo si mbali, na Ipogolo ndiko kwa wazazi wa Evarista, mke wa Asukile. Evarista alirudi kwao baada ya Damari kumwambia, ofisini, mbele ya watu, "Kompyuta haidanganyi, mama. Mumeo hakuwa studio. Muulize alikuwa wapi na nani." Damari alisimama kwenye barabara ya lami kama dakika tano. Hakwenda. Alijiambia kwamba anangoja maneno ya Rabson kwanza, na hiyo ilikuwa kweli nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa woga.

*

Kesho yake, saa tisa na nusu alasiri, alifika Soweto pamoja na Koplo Yotamu. Rabson alikuwa ametoka shule, chaki bado kwenye mkono wa koti. Aliwakaribisha vizuri mno, akafuta viti viwili kwa kanga.

Chumba kilikuwa kama Asukile alivyokieleza: kabati limeondolewa nguo, mablanketi yamepigiliwa misumari, maiki imening'inizwa kwa kipande cha bomba. Ukutani palikuwa na gitaa. Damari alilipita kwa macho kama halimhusu, akaweka kompyuta mezani.

"Mwalimu, nimekuja unisaidie. Hii mashine imetushinda."

"Imefanyaje?"

"Geti halifanyi kazi. Kuku wanasikika."

"Mliweka intaneti?" Rabson aliuliza papo hapo, mkono wake ukiwa tayari kwenye kioo. "Imeandikwa kabisa pale juu, watu hawaso..."

Aliishia hapo.

"Endelea," Damari alisema. "Intaneti ina uhusiano gani na geti?"

"Inaweza... inaleta mabadiliko."

"Mabadiliko ya nini?"

"Ya mfumo."

"Ya saa, Mwalimu. Nimetoka kwa Philbert."

Rabson aliondoa mkono kwenye kompyuta taratibu, akaupangusa kwenye suruali. Yotamu alisogea akasimama mlangoni.

"Hilo gitaa shingo yake imegundishwa," Damari alisema. "Lilivunjika lini?"

"Lilianguka."

"Tarehe ngapi?"

"Sikumbuki."

"Kabla ya hapo lilikuwa wapi?"

"Kwa Isakwisa. Nilimwazima."

"Isakwisa anakaa wapi?"

Rabson alilitazama gitaa. "Iyunga," alisema.

Damari alibofya. Alikuwa ameutega wimbo dakika ya thelathini na tano. Pikipiki, mlango wa bati, mbao sakafuni, uzi ukivuma. Kisha kile kilio. Rabson alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Hicho kipande nilishakifuta!"

"Hukufuta. Ulikifungia geti tu."

"Nilisikiliza mara mia. Hakikuwepo."

"Ukiwa na geti hakipo."

Mwalimu wa hesabu alikaa sakafuni. Hakuna aliyemsukuma. Alijifunika uso kwa viganja, na maneno yakawa yanatokea katikati ya vidole.

"Nilitaka gitaa tu. Wimbo wa Asu ulikuwa unataka gitaa. Alikuwa anazungusha sauti zake, nikaona ana zaidi ya nusu saa, nitakwenda na kurudi kabla hajavua hedifoni. Yule mama aliinama. Kiazi kimoja kilikuwa kimedondoka kutoka kwenye ndoo yake, akainama kukiokota. Sikuwa na mwendo mkali, afande. Hata hiyo hainisaidii."

"Ukakimbia."

"Nikakimbia."

"Halafu ukamwachia rafiki yako."

"Sikukusudia. Mlipomkamata nikasema kesho nitakwenda kituoni. Kesho yake nikasema kesho. Msibani nimekwenda siku zote tatu, nilichota maji, nilichimba kaburi. Watoto wa marehemu wananiita mjomba." Alishusha viganja. Macho yake yalikuwa mekundu. "Halafu ukaja na fomu yako. Nikafungua kompyuta, nikaona imeandika tarehe tatu. Wallahi afande, sikupanga. Nilikuwa nimesahau kabisa habari ya saa."

"Ukasema Asukile alikuja tarehe tatu."

"Nilisoma kilichoandikwa. Halafu nikangoja. Saa iko pale chini kwenye kona, kubwa tu, inasema tarehe tisa, na siku hiyo ilikuwa ishirini na tatu. Nikajua sasa hivi ataiona, na yote yatakwisha. Ukatazama kioo, ukaandika, ukaondoka. Ungeuliza, ningesema."

"Ungesema?"

Rabson alifikiri, na jibu lake lilikuwa la kweli kuliko yote aliyowahi kumpa. "Sijui."

Damari angeweza kukasirika. Hata alitamani hasira ije, kwa sababu ingemsaidia. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini njia hii ilikuwa na siku ishirini na tatu, na yeye ndiye aliyeirefusha. Alimsomea Rabson haki zake neno kwa neno, polepole, kama mtu anayeogopa kuruka mstari. Yotamu akamtia pingu na kulishusha gitaa ukutani kwa uangalifu, shingo na mwili, asije akalivunja mara ya pili.

Kabla hawajatoka, Rabson aligeuka. "Afande, ule wimbo usiufute. Hajawahi kuimba vile."

*

Kituoni Damari aliandika maelezo ya Rabson mpaka saa kumi na mbili kasoro. Kisha akachukua karatasi nyingine akaandika yake mwenyewe. Alitaja tarehe, alitaja mazoezi ya kwaya, akaandika kwamba hakuitazama saa ya kifaa wala yake. Kwenye nakala ya fomu alipiga mstari mmoja juu ya "Sawa", neno lenyewe likabaki linasomeka kama utaratibu unavyotaka, na pembeni akaandika "tofauti, siku kumi na nne". Akaweka saini. Mkuu wake alisoma, akamwambia kesho asubuhi waende pamoja kwa mwendesha mashtaka ili Ijumaa shauri la Asukile liondolewe, na kwamba hilo la saini yake litafikishwa panapohusika. Damari akasema ndiyo, afande.

Majembe mawili aliyatoa stoo, akayaweka karibu na meza yake ili asubuhi ayarudishe kwa mkono wake.

Ndipo akapiga simu Iringa.

"Evarista, ni mimi. Inspekta Damari."

"Kamwene," alijibu Evarista, maana hata kwa adui Mhehe husalimia. Hakuongeza neno.

"Asukile alikuwa studio. Alikuwa anaimba. Siku ile ile, saa ile ile. Pikipiki iliendeshwa na Rabson, na amekubali."

Upande wa pili palisikika mlango ukifungwa.

"Ulisema kompyuta haidanganyi."

"Saa yake ilikuwa imerudishwa nyuma. Nilitakiwa niiangalie. Sikuangalia, nikaandika nimeangalia. Kosa ni langu, na nimeliandika."

"Mimi nilimrudishia pete," Evarista alisema. "Nilimpa kaka yake ampelekee mahabusu. Nikamwambia amwambie aivae huyo aliyekuwa naye."

"Pole, mama."

"Usinipe pole. Aliniapia, afande. Aliniapia kwa jina la mtoto, nikakuamini wewe."

 Damari alingoja kama alivyowangojesha wenzake.

"Anatoka lini?" Evarista aliuliza mwishoni.

"Keshokutwa. Ijumaa, tarehe kumi na tatu. Saa tatu asubuhi mahakamani."

"Umeangalia vizuri?"

Damari alitazama kalenda ukutani. Akatazama saa ya mkononi, kisha saa ya ukutani, kisha akaitoa simu sikioni na kuitazama nayo.

"Nimeangalia," alisema.